Sauti za filamu yako ziokote Kisumu: mwongozo wa kurekodi, kusafisha na kujifunza bila gharama kubwa

Filamu fupi ya kwanza niliyotengeneza ilikuwa na mvua. Mvua yenyewe niliipakua kutoka hifadhi moja ya sauti ya ng'ambo, nikaiweka chini ya picha za chumba cha mabati mtaani Nyalenda, na wahusika wawili wakaendelea kuzungumza kwa utulivu. Tulipoionyesha ukutani nyumbani, shangazi yangu aliitazama hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani hiyo mvua inanyesha wapi?"

Hakuwa anatania. Mvua ile ilikuwa ikinyesha kwenye majani na vigae, tone moja moja. Mvua ya Kisumu ikishuka juu ya bati haina matone. Ni mngurumo mmoja unaojaza chumba hadi watu wapaze sauti au wanyamaze kabisa, na redio iongezwe, halafu izimwe kwa kuwa haisikiki. Wahusika wangu walikuwa wakinong'onezana chini ya bati katikati ya mvua kubwa, na kila aliyewahi kulala nyumba ya mabati anajua hilo haliwezekani.

Tangu siku hiyo nimeshikilia jambo moja. Ufundi wa sauti jifunze popote duniani, na siku hizi mafunzo mazuri mengi ni ya bure. Lakini sauti zenyewe ziokote hapa, kwa sababu hakuna atakayekuja kukurekodia soko la Kibuye. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye simu, laptopu ya kawaida na hamu ya kutengeneza filamu, awe Kisumu, Kakamega, Nakuru au kijijini Siaya.

Hatua ya kwanza: masikio kabla ya simu

Kaa mahali pamoja dakika kumi bila kurekodi chochote. Shika daftari. Andika kila unachosikia, kinatoka upande gani, kiko karibu au mbali, kinaendelea au kinakatika. Nilipofanya hivi mara ya kwanza kando ya steji ya Kondele, niliandika vitu saba nikadhani nimemaliza. Dakika tano zaidi zikanipa vingine kumi na viwili: mnyororo wa lango la duka, sarafu zikitikiswa mkononi, kifuniko cha sufuria ya chai kikichezacheza kwa mvuke, na makanga akipiga ubavu wa gari kwa kiganja mara mbili ili dereva aondoke. Mapigo hayo mawili yana habari nyingi kuliko picha ya matatu. Ukiyaweka kwenye filamu, mtazamaji anajua gari limeondoka hata kama hujamwonyesha.

Rudi mahali palepale saa nyingine. Alfajiri utasikia adhana, jogoo na mafagio uani. Saa nne asubuhi poshomili imeanza kusaga. Jioni radi inajiandaa upande wa milima ya Nandi, na usiku ni vyura na mbwa. Filamu inayotokea "usiku" lakini ina poshomili nyuma yake itamsumbua mtazamaji, hata kama hataweza kueleza kinachomsumbua ni nini.

Zoezi la pili la masikio limetoka kwa Michel Chion, Mfaransa aliyeandika sana kuhusu sauti katika filamu. Chukua kipande cha dakika mbili cha filamu yoyote uipendayo. Kitazame kikiwa kizima. Kisha zima sauti utazame picha peke yake. Kisha funika kioo usikilize sauti peke yake. Andika ulichosikia ambacho hakionekani, na ulichoona ambacho hakisikiki. Ukifanya hivi mara tano kwa wiki, mwezi mmoja utakufundisha mengi kuliko kununua maiki mpya.

Hatua ya pili: vifaa, kwa mpangilio wa umuhimu

Anza na hedifoni za waya zinazofunika sikio lote. Watu wengi hununua maiki kwanza, na hilo ni kosa. Usiposikia unachorekodi wakati unakirekodi, hata maiki ya bei kali haitakusaidia.

Baada ya hapo nunua maiki ndogo ya kubana kwenye shati. Hapa angalia pini kabla hujalipa. Pini ya maiki ya simu ina pete tatu nyeusi, na ya kamera ina pete mbili. Ukichomeka ya pete mbili kwenye simu, simu mara nyingi haiitambui. Inaendelea kurekodi kwa maiki yake ya ndani bila kukuambia. Nilipoteza hivyo mahojiano ya saa nzima na mvuvi mmoja, mzee aliyekumbuka ziwa kabla ya gugumaji kulivamia. Nilifika nyumbani nikakuta sauti yake iko mbali kama ya mtu aliye chumba cha pili. Siku hizi, kabla ya kuanza, nakwaruza kichwa cha maiki kwa ukucha huku nikisikiliza. Mkwaruzo ukisikika kwa nguvu, maiki inafanya kazi. Usiposikika, simamisha kila kitu.

Programu ya kurekodi iliyokuja na simu mara nyingi hujiamulia kiwango cha sauti. Mtu akinyamaza inapandisha kelele za nyuma, akiongea inazishusha, na matokeo yake ni sauti inayopumua kama mgonjwa. Tafuta programu inayokuruhusu kuzima jambo hilo na kuhifadhi faili la WAV, ambalo halibani sauti, badala ya MP3. Simu inayorekodi iwekwe kwenye hali ya ndegeni, na simu za watu wengine zikae mbali na waya wa maiki. Ule mlio wa titititi unaosikika kwenye spika kabla ya simu kuita ni mawimbi ya simu yakiingia kwenye waya, na hauondoki kwa urahisi.

Rekoda ya mkononi ni nzuri ukiwa na pesa. Inaweza kungoja.

Hatua ya tatu: chagua mahali na saa

Hapa ndipo kazi ya sauti inaposhindwa au kufaulu. Kelele iliyoingia kwenye sauti ya mtu ni kama chumvi iliyozidi kwenye mchuzi. Unaweza kujitahidi kuipunguza, lakini huwezi kuitoa.

Ukiwa karibu na ziwa, jua upepo wake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja mjini. Usiku mambo hugeuka, na upepo huelekea ziwani. Ndiyo maana kurekodi ufukweni Dunga saa tisa alasiri ni kupigana na upepo, ilhali saa kumi na mbili na nusu asubuhi maji yametulia na unaweza kusikia kasia likigusa ubavu wa mtumbwi ulio mbali. Panga matukio ya ufukweni asubuhi. Ikibidi iwe mchana, vika maiki kofia ya manyoya. Hata kipande cha blanketi la manyoya kilichoshonwa vizuri kinasaidia. Sponji peke yake haitoshi kwa upepo wa ziwa.

Ndani ya nyumba, piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio mkali unaorudi, kuta ni tupu mno. Lete godoro, blanketi, mapazia mazito, hata kamba yenye nguo zilizoanikwa, uzipange nje ya picha. Chumba cha kulala chenye kitanda na kabati la nguo kina sauti nzuri kuliko sebule kubwa yenye sakafu ya vigae. Nyumba ya mabati ina jambo lake la ziada: jua likipanda au likishuka, bati linapanuka au kusinyaa na kugonga taka, taka juu ya kichwa cha mwigizaji. Ngoja nusu saa, linatulia.

Zima friji na feni. Ili usisahau kuwasha friji ya mwenye nyumba, weka ufunguo wako ndani yake. Hutaweza kuondoka bila kuifungua. Kisha zungumza na majirani mapema. Mimi huenda siku moja kabla, namsalimia mama mwenye duka na fundi wa kuchomelea, nawaambia nitahitaji utulivu kati ya saa fulani na fulani, na siku yenyewe nawanunulia soda. Jumapili asubuhi usipange kurekodi mazungumzo popote mjini. Spika za makanisa zitakufikia.

Hatua ya nne: siku yenyewe

Weka kilohezi 48 na biti 24, ambacho ndicho kipimo cha kawaida cha sauti ya filamu na video. Kile cha kilohezi 44.1 ni cha CD za muziki. Mwambie mwigizaji aseme maneno yake kwa nguvu ile atakayoitumia kweli, kisha rekebisha hadi kilele cha sauti yake kifike karibu na desibeli hasi 12. Sufuri ndio ukuta. Sauti ikiugonga inapasuka na haitengenezeki. Heri iwe chini kidogo.

Maiki ya shati ibane upana wa kiganja chini ya kidevu, na waya upite ndani ya nguo. Kitambaa cha leso kinakwaruza kidogo, cha nailoni kinakwaruza sana. Ukitumia maiki ya juu, ifunge kwenye ufito mrefu na uishushe hadi karibu ionekane kwenye picha, kisha iinue vidole viwili. Mahali pa wazi, kila unapoongeza umbali maradufu unapoteza desibeli 6 za sauti ya mtu, na kelele za mazingira zinabaki palepale. Sogea karibu. Ushauri huo mmoja una thamani kuliko nusu ya video za mafunzo nilizotazama.

Ikiwa kamera na kinasa sauti ni vitu viwili tofauti, piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni mwa kila kipande. Kwenye laptopu utalinganisha mahali viganja vilipokutana na mlio wake. Na kabla watu hawajatawanyika, waambie wote wasimame kimya sekunde 30 hadi 60 huku unarekodi. Hicho ndicho kimya cha chumba. Utakapokata neno au kikohozi wakati wa kuhariri, utaziba pengo kwa kimya hicho, kwa sababu kila chumba kina kimya chake na sikio hugundua kikibadilika. Watu watanung'unika kwamba mnapoteza muda. Simamia neno lako.

Hatua ya tano: jenga hifadhi yako

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo ninayokuomba uichukulie kwa uzito.

Anza na mvua. Irekodi ukiwa mahali patatu tofauti. Kwanza, ndani, chini ya bati lenyewe, ukiwa umeteremsha kiwango sana. Pili, mlangoni, ambapo unasikia bati juu na maji ya paa yakianguka kwenye pipa au karai. Tatu, kutoka nyumba ya jirani iliyo ng'ambo ya uwanja, ambapo mvua ya mabati ya mtaa mzima inasikika kama kitu kimoja kikubwa. Rekodi pia mwanzo wake: yale matone machache mazito ya kwanza, watu wakikimbilia nguo kwenye kamba, na kisha mngurumo unaokuja ukipita paa baada ya paa. Na usizime mvua ikikatika. Dakika kumi za maji yanayodondoka baada ya mvua ni dhahabu kwa mhariri.

Radi nayo ina hesabu yake. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo inachukua takriban sekunde tatu kumaliza kilomita moja. Ukiona umeme na kuhesabu sekunde tisa kabla ya ngurumo, radi iko kilomita tatu hivi. Kwenye filamu, umeme na ngurumo zikipigwa pamoja zinamwambia mtazamaji kwamba hatari iko juu ya nyumba. Ukiziachanisha, hatari inasogea mbali. Rekodi ukiwa ndani, si ufukweni wala chini ya mti.

Kisha nenda Dunga alfajiri: mitumbwi ikivutwa mchangani, injini ikikataa kuwaka mara mbili kisha ikikubali, ndege wa kwenye mafunjo, mlio wa furukombe, wanawake wakijadili bei. Nenda soko la Kibuye Jumapili, ambayo kwa mazungumzo ya filamu ni siku mbaya lakini kwa umati ni siku bora. Nenda msitu wa Kakamega usikie mabawa ya hondohondo yakipasua hewa. Huhitaji hata kumwona ndege mwenyewe. Kila mahali rekodi dakika tano bila kusema wala kusogea. Dakika moja inaonekana ndefu ukiwa umesimama, lakini ukiwa mhariri inaisha kabla tukio halijaanza.

Muziki wa kwetu unataka uangalifu wa pekee. Chukua nyatiti. Ina nyuzi nane, lakini anayeielekezea maiki nyuzi peke yake amerekodi theluthi moja ya chombo. Mpigaji amekaa chini kwenye kigoda kifupi, kidole gumba cha mguu kimevishwa pete ya chuma iitwayo oduong'o, anagonga nayo mbao za chombo, na mguuni ana gara, njuga zinazofuata mapigo. Juu ya hayo anaimba. Ukiwa na maiki moja tu, iweke mbele yake, umbali wa mita moja hivi, chini kidogo ya usawa wa kifua, na umwombe apige kidogo huku unasogea kushoto na kulia ukiwa na hedifoni. Kuna mahali ambapo mguu, nyuzi na sauti yake vinakaa sawa. Utapasikia. Ukiwa na maiki mbili, moja iende juu kwa sauti na nyuzi, nyingine chini kwa mguu.

Ngoma za isukuti za Waisukha na Waidakho ni kinyume chake. Usisogee. Kaa mita nne au tano nyuma, teremsha kiwango mpaka uone ni kidogo mno, kisha teremsha tena, maana wakipandwa na mori watapiga maradufu ya walivyopiga wakati wa kujaribu. Ngoma hiyo iliingizwa mwaka 2014 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa hiyo rekodi yako inaweza kuja kuwa na maana kubwa kuliko filamu yako.

Kwa wanamuziki na kwa mtu yeyote anayetambulika kwa sauti, omba ruhusa kwanza. Mimi humwomba aseme kwenye rekodi yenyewe jina lake na kwamba amekubali, na itatumika wapi. Walipe. Na usiseme "ni wimbo wa kienyeji, hauna mwenyewe". Aliyeuimba mbele yako ana haki juu ya uimbaji wake.

Faili zipe majina siku hiyohiyo: mahali, kitu, saa, namba. Kwa mfano dunga_mtumbwi_kuvutwa_alfajiri_02. Hifadhi nakala sehemu mbili tofauti, moja isikae nyumba moja na laptopu.

Hatua ya sita: jiko lako ni studio

Sauti nyingi za miguu, nguo na vitu unazosikia kwenye filamu hazikurekodiwa wakati wa kupiga picha. Zilitengenezwa baadaye na mtu anayetazama picha na kufanya vitendo vilevile mbele ya maiki. Kazi hiyo inaitwa foli, kutokana na Jack Foley, aliyeifanya katika studio za Universal huko Marekani filamu zilipoanza kuwa na sauti mwishoni mwa miaka ya 1920.

Hapa kwetu, kikonyo kinene cha sukuma wiki kilichofungwa ndani ya kitambaa chenye maji, ukikivunja karibu na maiki, ni mfupa unaovunjika. Ugali uliopoa ukichapwa kwa kiganja ni ngumi mwilini. Maharagwe makavu yakimiminwa polepole kwenye ungo ni changarawe. Kipande cha bati kilichoning'inizwa kwa kamba na kutikiswa chini ni radi ya mbali. Kwa nyayo, tumia viatu vya kweli kwenye ardhi ya kweli: akala kwenye mchanga mkavu, raba kwenye saruji, peku kwenye udongo wa uani. Jaza trei na udongo wa eneo husika; ule mweusi wa Kano hausikiki kama mwekundu wa Vihiga, hasa ukiwa na maji.

Ben Burtt, aliyetengeneza sauti za Star Wars ya mwaka 1977, alipata mlio wa bunduki zake kwa kugonga waya wa chuma unaoshikilia mnara wa redio. Usiguse minara wala nguzo za stima. Lakini waya wa ua uliovutwa vizuri, ukiweka maiki kwenye mti wake na kuugonga kwa kijiko mita kumi mbele, utakupa milio ambayo hutaamini imetoka shambani.

Hatua ya saba: kusafisha na kupanga

Audacity ni ya bure na inaenda hata kwenye laptopu ya zamani. Reaper hukupa siku 60 za kuijaribu, na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60, ndiyo ninayoitumia. DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye sehemu kamili ya sauti pamoja na kuhariri picha, ila inataka kompyuta yenye nguvu.

Utaratibu wangu haubadiliki. Kwanza nakata mvumo wa chini ya hezi 80 kwenye sauti za watu, kwa kuwa huko kuna malori na upepo tu. Halafu natafuta mlio wa stima. Hapa kuna mtego: mafunzo mengi ya Marekani yatakuambia uondoe hezi 60, kwa sababu umeme wao ni wa hezi 60. Wetu ni wa hezi 50. Kwa hiyo kata 50, kisha 100 na 150, kila mmoja kwa ncha nyembamba. Ukifuata mafunzo yao neno kwa neno utaondoa kitu ambacho hakipo na kuacha kinachokusumbua.

Kisha kupunguza kelele. Ifundishe programu kwa kile kimya cha chumba ulichorekodi, halafu punguza desibeli 6 tu, usikilize. Ukizidisha, sauti ya mtu inaanza kulia kama iko ndani ya mtungi wa maji. Kelele kidogo ya kweli inavumilika kuliko sauti safi iliyokufa.

Kupanga ni kuweka tabaka: mazungumzo juu, foli chini yake, mazingira chini zaidi, muziki mwisho. Maliza tatu za kwanza kabla ya kugusa muziki. Vijana wengi huanza na muziki, na filamu nzima inakuwa wimbo wenye picha.

Mbinu moja ninayoipenda sana aliieneza Walter Murch, mhariri na fundi wa sauti za filamu wa Marekani. Ukitaka wimbo usikike kama unatoka kwenye redio ya kibandani, usihangaike na vitufe. Upige wimbo huo kwenye spika ndogo ndani ya kibanda chenyewe, urekodi upya ukiwa nje. Bati, mbao na hewa ya mahali vitafanya kazi yote.

Hatua ya nane: pa kujifunzia na pa kuazima

Kwa kusoma, anza na FilmSound.org. Ni tovuti ya zamani, ina maandishi mengi na picha chache, kwa hiyo haili bando. Jarida la Sound on Sound la Uingereza limekuwepo tangu 1985 na makala zake nyingi za zamani zinasomeka bure. Tafuta yale ya kurekodi sauti ya mtu na ala za nyuzi. Kwa kusikiliza ukiwa kwenye matatu, kuna podikasti ya Tonebenders, ambapo mafundi wa sauti za filamu wanaeleza walivyofanya kazi zao, na Twenty Thousand Hertz, inayoeleza hadithi za sauti mbalimbali za dunia.

Kwa muziki wa kwetu, Singing Wells ni hazina. Ni mradi wa Ketebul Music ya Nairobi na Abubilla Music ya Uingereza, ambao huenda vijijini Afrika Mashariki na studio ya kubeba. Tazama video zao ukiangalia maiki imewekwa wapi, si wimbo tu. Na maktaba ya muziki wa Afrika iitwayo ILAM, iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 1954 na Hugh Tracey, ina rekodi alizozifanya akizunguka bara hili, zikiwemo za Wakipsigis alizorekodi Kapkatet mwaka 1950.

Kwa kuazima sauti, Freesound, iliyoanzishwa 2005 na Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona, inakuruhusu kupakua ukijisajili. Lakini soma leseni ya kila faili. Yenye CC0, yaani mwenyewe ameachilia haki zake, itumie upendavyo. Nyingine inadai utaje jina la aliyerekodi. Nyingine inakataza biashara, na filamu yenye matangazo ya YouTube ni biashara. Hifadhi ya sauti ya BBC ina maelfu ya rekodi, ila ni za matumizi binafsi, elimu na utafiti. Filamu ya kuuza inahitaji leseni ya kulipia. Tumia hifadhi hizi kwa vitu visivyo na kwao: mlio wa saa, injini ya ndege, glasi ikivunjika. Mvua, soko, umati, ndege wa porini na sauti za watu zitoke kwako. Na ukirekodi vizuri, zipakie zako pia, uandike Kisumu kwenye maelezo.

Hatua ya mwisho: kupima na kutoa

Sikiliza filamu nzima kwenye hedifoni, kisha kwenye spika ya simu, kisha kwenye runinga ya jirani. Neno lisiloeleweka kwenye simu lirekebishe, maana wengi watatazama kwa simu. YouTube huteremsha sauti inayozidi hasi 14 hivi kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti ya filamu nzima, kwa hiyo hakuna faida ya kupaza kupita hapo. Shirikisho la utangazaji la Ulaya linataka hasi 23, na ukiitoa kwa runinga uliza kituo kinataka ngapi. Kabla ya kuonyesha hadharani, pata kibali cha Bodi ya Kuainisha Filamu, KFCB. Na leseni ya kupiga picha ilipaswa kushughulikiwa kabla ya siku ya kwanza.

Kwa wanamuziki na wavuvi uliowarekodi, nakili filamu na ile sauti yao nzima, ambayo haijakatwa, kwenye kadi ya memori na uwapelekee mwenyewe. Mpiga nyatiti niliyemrekodi aliitia yake kwenye redio ndogo palepale uani, akasikiliza mguu wake mwenyewe, akaniambia pete ilikuwa imelegea siku ile na nirudi Jumamosi turekodi tena.